Msimulizi Asiyeujua Mwisho

Msimulizi wa kawaida huanza hadithi akiujua mwisho wake. Yupo mwingine ambaye kazi yake ni kutoujua, na akijifanya anaujua ameiharibu hadithi. Huyu ni mwendeshaji wa mchezo wa masimulizi. Watu wanne au watano wameizunguka meza, kila mmoja amejitwalia mhusika, naye anawaeleza walipo na kinachowakabili, kisha anawauliza swali lile lile tena na tena: sasa mnafanya nini? Nataka kuusifu ufundi huu, na nausifu nikiwa Nyeri, kwa sababu naamini nchi hii ya chini ya Mlima Kenya ilikuwa nao zamani, kabla ya dadu za pande ishirini kutufikia.

Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake zinajaza vitabu, lakini kiini chake hakimshindi mtoto. Mchezaji anasema mhusika wake anataka kufanya nini. Jambo likiwa rahisi, linafanyika. Likiwa na shaka, dadu inarushwa, na nambari inaamua. Nguvu na udhaifu wa mhusika vimeandikwa kwenye karatasi yake: huyu mganga, yule mpiganaji, mwingine mwizi mwenye vidole vyepesi. Hakuna anayemshinda mwenzake. Kikao kikifungwa saa nne usiku, kisa hakijafungwa. Kinangoja Jumamosi ijayo, na huenda kikangoja hivyo mwaka mzima.

Msomaji wa hapa kwetu ameshakutana na kundi la namna hii. Katika *Shetani Msalabani*, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwanza kwa Kigikuyu mwaka 1980, watu wasiojuana wanapanda matatu moja kuelekea Ilmorog: Wariinga, Gatuiria, Muturi, Wangari na Mukiraai, dereva akiwa Mwaura. Kila mmoja ana siri, jeraha na sababu ya kusafiri. Giza linaingia, wanaanza kusimuliana, na safari ya nauli tu inageuka safari ya pamoja. Ukitaka kuanza kisa chako, usitafute kasri la Ulaya. Wapakie wahusika matatu ya Karatina kwenda Nanyuki, uizime injini baada ya Chaka ukungu unaposhuka, halafu uulize swali lako.

Ngũgĩ alimkabidhi masimulizi ya riwaya ile mchezaji wa gicandi, na hapo ndipo ilipo nasaba ninayoitafuta. Katika masoko ya Wagikuyu, wachezaji wa gicandi walikutana wawili wawili wakiwa na kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochongwa juu. Kibuyu kilitikiswa kushika mapigo, nazo alama zilimkumbusha mwenyewe mafumbo yanavyofuatana. Mmoja alifumba, mwenzake akafumbua na kufumba tena, umati ukisikiliza. Aliyeshindwa alikiacha kibuyu mikononi mwa mshindi. Kimani Njogu, msomi wa fasihi ya Kiswahili na Kigikuyu, ameuchambua utungo huo kama ushairi wa majibizano. Alama zilitoa mpangilio na umbo, lakini hakuna kati ya wale wawili aliyeweza kujua neno litakalofuata, kwa sababu nusu ya kila kitu ilikuwa kinywani mwa mwenzake. Mwendeshaji anayekaa mezani leo na daftari lake yuko katika hali hiyo hiyo.

Waswahili nao wana mchezo wao wa namna hii. Kitendawili kikimshinda mtu, aliyetega anaomba mji. Akipewa Mombasa, anasafiri hapo hapo kwa maneno: amefika, amekaribishwa, amekula na kunywa, ndipo anafumbua. Watoto wamekuwa wakipewa miji mizima, wakaingia na kutawala bila kuondoka jikoni.

Sasa niseme ufundi wenyewe uko wapi. Nikiendesha mchezo, naandaa mambo matatu: mahali, mtu mwenye haja yake, na saa inayokwenda. Chukua ngano ya mhunzi ambayo Wagikuyu wengi wameisikia utotoni. Mhunzi yuko mbali kiwandani kwake, mkewe anajifungua peke yake, irimu, yaani zimwi, anajifanya mkunga, anapika chakula cha mzazi na kukila mwenyewe. Mama anampa ndege mbegu za mbarika ili apeleke habari kwa mumewe. Mhunzi anarudi na mkuki. Hapo mahali pako tayari, haja ya irimu inaonekana, na saa ni chakula kinachopungua na mtoto anayelia. Msimulizi wa jioni anaupeleka mkuki hadi mwisho. Mwendeshaji anauweka mkuki ukutani, kisha ananyamaza.

Mezani kwetu mkuki ule haukutumika. Mchezaji mmoja, ambaye kwa kawaida husema kidogo kuliko wote, aliomba mhusika wake azungumze na irimu. Akamuuliza: kwa nini unakula cha mzazi? Sikuwa nimeandika jibu. Nililitunga pale pale: msitu aliokuwa akiishi umekatwa, na wanyama aliowala wameondoka. Tangu swali hilo kisa chote kilihama. Kikawa kisa cha nani aliyeuza miti, na nani atamrudishia irimu makao yake ili awaache watu na watoto wao. Nadhani si ajabu kwa meza iliyo katika kaunti alikozaliwa Wangari Maathai, kijijini Ihithe, mwaka 1940. Lakini wazo halikuwa langu. Lilitoka kwa mtu aliyezoea kunyamaza, kwa kuwa safari hii aliachiwa nafasi. Mwendeshaji hupimwa kwa masikio yake kabla ya ulimi.

Dadu nayo hufundisha adabu. Haimjui tajiri wala mkubwa wa umri; mwalimu mkuu na utingo wakiketi pamoja, bahati yao ni sawa. Kazi ngumu ni ya mwendeshaji pale dadu inapokataa. Akisema tu kwamba mmeshindwa, ameufunga mlango. Mlima wetu una mfano bora. Januari 1943, Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki ili waukwee Mlima Kenya. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo, na miongoni mwa vielelezo vyao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Barsotti aliugua akabaki kwenye kambi yao ya chini, mlimani. Wenzake walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, kikawashinda. Hawakuishia hapo: waligeukia Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera kileleni, kisha wakashuka na kurudi wenyewe kwenye kambi ya wafungwa. Hivyo ndivyo dadu mbaya inavyopaswa kusomwa. Batian imekataa, je, kuna kilele gani kingine, na mna chakula cha siku ngapi?

Kinachobaki baada ya vikao vingi ni jamii ndogo yenye kumbukumbu yake. Watu wanataja daraja lililovunjika na ahadi aliyopewa irimu kana kwamba ni mambo ya mtaa. Wamejifunza kungoja zamu, kutetea wazo, kukubali la mwenzao likiwa bora, na kuvaa nafsi ya mtu asiyefanana nao. Sijui njia nyingi za kuwafundisha watu wazima mambo hayo huku wakicheka.

Gharama isiwe kisingizio. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zimetolewa kwa leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, na yeyote anaweza kuzisoma na kuzitafsiri bila malipo. Kama dadu ya pande ishirini haipatikani dukani, andika nambari 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, uvitie kikombeni na kuchomoa kimoja. Watengenezaji wenyewe waliwahi kuuza mchezo na vikaratasi badala ya dadu zilipoadimika. Wahusika tunao, mazimwi tunayo, misitu na mlima tunavyo. Waite marafiki wanne Jumamosi hii, iwe Nyeri, Kerugoya, Embu au Meru, uwape mahali pa kuanzia, uwaulize wanafanya nini, kisha uwasikilize.