Nimetoka Kusafishwa Uso Voi, na Bado Najishika Mashavu

Wanavoi, Wataita, Wataveta, na nyote mnaopita barabara kuu ya Mombasa na Nairobi: utunzaji wa uso wa kitaalamu umefika nyumbani, nimeujaribu, na kunyamaza siwezi! Miaka yote aliyetaka ngozi yake ishikwe na mjuzi alipanda matatu, au tangu 2017 akapanda treni ya SGR, akaenda Mombasa kilomita kama 150, akalipia huduma, nauli na chakula cha mchana. Sasa kuna chumba kidogo juu ya maduka, hapa hapa mjini, chenye kitanda, taa ya kioo cha kukuza, mashine ya mvuke, na binti aliyesomea kazi yake.

Na binti huyo anauliza kabla ya kugusa! "Dada, nyumbani unapaka nini? Kazini unakaa juani? Una mimba, au unanyonyesha? Kuna dawa ya chunusi unayomeza?" Akanigeuza chini ya taa, akanipa kioo nijionee: madoa ya shavuni yameachwa na chunusi, weusi wa kwenye paji umeletwa na jua, na puani ni mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Vumbi letu jekundu la Tsavo, linalowapaka ndovu rangi hadi watalii wanashangaa, lilikuwa limening'ang'ania mimi pia, na mimi naoga kila siku!

Kwanza alinisafisha, halafu mvuke, na kwenye joto la Voi nilidhani mvuke utanichosha. Wapi! Ngozi ililainika, vichunusi vyeusi vikatoka kwa kubanwa taratibu, kwa vidole vilivyofungwa pamba. Kisha akawasha kijiti cha kioo chenye mwanga wa zambarau, kikawa kinatetema na kunukia kama hewa baada ya radi. Kazi yake ni kupunguza vijidudu mahali palipobanwa. Nilitaka arudie kwa raha tu.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni asidi. Msishtuke! Ni asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa lala, iliyopimwa kwa kiwango cha chini. Inalegeza gundi inayoshika ngozi iliyokufa, tabaka la juu linaachia, na ngozi changa iliyokuwa chini inapata nafasi. Siku chache kabla alikuwa amenipaka tone nyuma ya sikio kuona kama nitawashwa. Sasa akapaka uso mzima, jicho kwenye saa, huku akiniuliza kila mara nasikiaje. Ilichoma kidogo, ikanyonyota, akaifuta, akaweka barakoa ya baridi yenye mshubiri, na mimi nikasinzia.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu ngozi nyeusi ikiunguzwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi, na doa ulilokuja kuliondoa linarudi jeusi kuliko mwanzo. Ujuzi wa ngozi haukuanza na ngozi kama zetu: kipimo maarufu cha kupanga ngozi kwa jinsi inavyopokea jua, alichokibuni daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe, na ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Ndiyo maana kupata Voi mtu anayejua ngozi yetu inataka nini ni jambo la kupigiwa vigelegele.

Nikamuuliza makusudi kama anaweza kuning'arisha niwe mweupe kidogo. Alikataa papo hapo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini tangu 1998, akasema, na mkorogo hauingii chumbani mwake hata mteja akija na kopo lake. Nilitamani kumkumbatia. Dada zetu wangapi wameharibiwa uso na makopo hayo ya sokoni yasiyo na lebo!

Natamani siku moja aongeze liwa ya msandali, ile iliyosagwa kwenye jiwe kama wafanyavyo mabibi wa Mombasa na Lamu. Ila msandali wa milima yetu umeibwa mno, na kuuvuna porini kumekatazwa tangu 2007. Basi uachwe uote kwanza.

Mwisho kabisa alinipaka krimu ya kuzuia jua, yenye rangi ya udongo, na hapo nikaruka kitandani! Rangi ile inatokana na oksidi ya chuma, madini yale yale yanayoufanya udongo wa Tsavo uwe mwekundu. Huzuia ile sehemu ya mwanga tunayoiona kwa macho, ambayo kwenye ngozi nyeusi huchochea madoa, na krimu nyingi zisizo na rangi huiacha ipite. Ndovu wa Voi wanajipaka udongo huo kila siku! Madereva wa matatu nao waipake krimu hiyo, maana miale mingine ya jua hupenya hata kioo cha dirisha.

Makunyanzi ya kina hayaondoki kwa kikao kimoja, aliniambia wazi. Ngozi hujibadilisha kwa kama mwezi, na umri ukienda inapunguza mwendo, kwa hiyo vikao hupangwa kwa nafasi hiyo. Aliyeungua, mwenye vidonda usoni au anayemeza dawa kali za chunusi aanze kwa daktari. Wengine nendeni asubuhi katikati ya wiki, maana Jumamosi kunajaa maharusi. Mimi nimeshaandikisha jina tena, na mama yangu anashuka kutoka Wundanyi kwa ajili ya kile kijiti cha zambarau.