Dakika Nne za Kanuni

Kuna mwalimu wa kanuni hapa Unguja ambaye wengi wa wanafunzi wake hajapata kuwashika mkono. Wako Muscat, wako Mombasa, mmoja yuko London, na wawili watatu wako Ng'ambo tu, safari ya daladala moja, ila saa zao za kazi hazipatani na zake. Wote wanamwita Maalim, nami nitamwita hivyo hivyo. Chumbani, ana kwa ana, mwalimu wa ala hii hufanya nusu ya kazi kwa mkono: humwinua mwanafunzi kiwiko, humgeuzia pete ya kidoleni, humgusa bega akiona limepanda. Mtandaoni mkono huo haupo. Kila ambacho ungekifanya sharti kifikiriwe mapema na kionyeshwe ndani ya video ya dakika nne, kabla mwanafunzi hajakosea.

Kwa asiyeijua ala yenyewe: kanuni ni sanduku bapa la mbao linalolazwa mapajani au mezani, upande wa kulia umenyooka, wa kushoto umekatwa mshazari. Kanuni ya kawaida ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja, kwa hiyo ni sauti 26. Kulia, kidaraja kinachobeba nyuzi kimekalia vipande vya ngozi. Kushoto ziko funguo za kukazia, na karibu nazo safu za vichuma vidogo vinavyoinuliwa au kulazwa ili kupandisha na kushusha sauti kwa kiasi kidogo sana. Kila mkono huvaa pete kwenye kidole cha shahada, na risha huchomekwa kati ya pete na kidole. Hapo hujapiga hata uzi mmoja, na tayari kuna mahali kadhaa pa kukosea.

Maalim hurekodi usiku, baada ya Isha. Mchana Mji Mkongwe haumpi nafasi: kengele za baiskeli, muuza kahawa na vikombe vyake, honi za vespa, na juu ya yote kunguru. Kunguru hawa waliletwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji. Taka hazikwisha na kunguru hawakuondoka, na sasa wanaingia katika kila rekodi inayofanywa kabla ya Magharibi. Usiku hata feni huzimwa, na wakati wa kaskazi chumba kilichofungwa madirisha, bila feni, si mahali pa kukaa mtu mwenye haraka.

Kabla ya kamera, kuna kupatanisha nyuzi, na hapa unyevu wa pwani una lake la kusema. Ngozi iliyo chini ya kidaraja hulegea hewa ikiwa na maji, na sauti hushuka. Katikati ya masika kanuni iliyopatanishwa alasiri haitakuwa ile ile usiku. Kwa mpigaji wa jukwaani hilo ni usumbufu wa kawaida, anakaza, anaendelea. Kwa anayetengeneza masomo ni shida ya namna nyingine. Kipande kilichorekodiwa Jumatatu kukiwa na mvua hakiungiki na kipande cha Alhamisi kukiwa na jua, hata kama mikono ni ile ile na meza ni ile ile, maana sikio litasikia mshono. Maalim ana ufumbuzi wa kizamani: kipande kimoja kikiharibika, somo zima hurekodiwa upya. Nimemwambia kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuinua sauti kidogo bila mtu kujua. Akajibu kwamba mwanafunzi hajui, lakini sikio la mwanafunzi linajifunza.

Simu huifunga kwenye mkono wa chuma, juu ya kanuni, ikitazama chini kutoka upande wake mwenyewe. Sababu ni rahisi, ingawa masomo mengi niliyoyaona yanaikosa. Ukimpiga picha mpigaji kwa mbele, mkono wake wa kulia unakuwa kushoto mwa mtazamaji, na anayejifunza analazimika kugeuza kila kitu kichwani huku anahangaika na nyuzi 78. Ukipiga kutoka juu, mkono ulio kulia kwenye kioo ndio mkono wa kulia wa mwanafunzi. Kamera ya mbele ya simu nayo inaweza kugeuza picha kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo haitumii kabisa. Sauti huinasa kwa kinasa sauti kidogo kilichowekwa kando, kwa kuwa simu hujaribu kuwa na msaada: kilicho kikubwa inakipunguza, kilicho kidogo inakikuza, na tofauti ya pigo laini na pigo zito, ambayo ndiyo nusu ya muziki, inatoweka. Mwanzoni hupiga kofi moja mbele ya vyombo vyote viwili, ili baadaye picha na sauti zifungwe pamoja pale pale penye kofi.

Hayo yote anaweza kuyafanya mtu yeyote mwenye subira. Ustadi wa Maalim naona uko kwenye kupitia.

Hapitii usiku ule ule. Anasema usiku wa kurekodi sikio bado lina majivuno. Siku ya pili huiweka kanuni mapajani, huiwasha video, na kulifuata somo lake kama mtu asiyejua kitu. Pembeni ana daftari la mistari, la shule, na kalamu. Kila mikono yake inaposita, anasimamisha na kuandika dakika na sekunde. Niliwahi kukaa karibu naye akilipitia somo la kuvaa pete. Penye 1:42 akasimamisha. Sauti yake kwenye video ilikuwa imesema "kisha isogeze mpaka hapa," na kidole kilichokuwa kikionyesha kimefichwa na kidole kingine. Akaandika. Penye 2:15 akasimamisha tena: maelezo yalikuwa yametangulia kitendo, na mwanafunzi angekuwa ameshajaribu kabla ya kuona. Akaandika. Penye 3:05 palikuwa na sentensi nzuri kweli, kuhusu wazee waliotumia pembe kutengenezea risha. Aliisikiliza mara mbili, akatabasamu, akaandika kwamba iondolewe. Niliitetea. "Ni nzuri," akasema, "lakini hapo mikono ya mwanafunzi iko hewani inaningoja mimi nimalize hadithi."

Masomo yake ya mwanzo yalikuwa marefu kuliko haya. Yamefupika kwa njia hiyo, mstari baada ya mstari kwenye daftari, na si kwa kufuata mtindo wa video fupi.

Awamu ya pili ya kupitia huifanya kwa simu ya bei rahisi, bila spika za masikioni, kwa kuwa ndivyo wanafunzi wake wanavyosikiliza. Spika ndogo za simu hazina uwezo wa sauti nzito. Uzi wa chini uliovuma chumbani unafika kama kijikofi cha plastiki. Baada ya kuligundua hilo aliyahamisha mazoezi yote ya mwanzo oktava moja juu, na nyuzi nzito akaziachia masomo ya baadaye, kwa onyo kwamba mtu atafute spika nzuri. Mpigaji anayejipenda asingefanya hivyo. Kanuni inapendeza zaidi chini.

Watu husema kujifunza muziki kwa mbali ni jambo la juzi. Kwa taarab, muziki ambao kanuni ni mojawapo ya ala zake, si kweli. Masimulizi ya Unguja yanasema Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, yaani mwanzoni mwanafunzi ndiye aliyesafiri. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, ala ziliagizwa kutoka huko huko. Kisha zikaja santuri, na Cairo ikaanza kusafiri yenyewe. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulibeba kama dakika tatu tu, na mafundi wa visiwani walikaa nao, sindano ikirudishwa mwanzo tena na tena, mpaka kila pigo likaingia vidoleni. Dakika nne za Maalim zina nasaba hiyo, na yeye mwenyewe anaijua. Kilichobadilika ni kwamba santuri haikuweza kumsikia aliyekuwa akiisikiliza. Ukikosea, ulikosea na nafsi yako mpaka akatokea mzee wa kukukosoa.

Sasa mwanafunzi anarudisha. Anajirekodi akipiga zoezi, anatuma, na Maalim anapitia tena, safari hii kazi ya mwingine. Masomo ya moja kwa moja kwa njia ya video anayo pia, lakini hayategemei sana, na hawapigi pamoja kamwe. Sauti hewani hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Simu ya video ikichelewa sehemu 15 za mia za sekunde, jambo la kawaida tu, ni kana kwamba mwenzako amekaa mita 50 kutoka kwako, na ni vigumu sana wapigaji kushika mwendo mmoja kwa umbali huo. Isitoshe, programu hizi zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo. Mlio unaodumu zinaudhani kelele na kuuzima, kwa hiyo uzi wa kanuni unakatwa kabla haujamaliza kusema. Zoom ina mahali pa kuruhusu sauti halisi ya muziki, na kuna wanafunzi wanaosahau kupabonyeza kila wiki.

Rekodi ya mwanafunzi huisikiliza kwanza amefumba macho. Kisha anaitazama bila sauti. Nilidhani ni mazoea tu mpaka siku ya binti wa Muscat, ambaye nyumbani kwao Kiswahili cha Unguja bado kinazungumzwa. Alikuwa ametuma zoezi la Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti. Macho yakiwa yamefumbwa, Maalim alisikia kwamba sauti ya tatu imenyooka kupita kiasi, kama ya kinanda. Katika Rasti sauti hiyo hukaa chini ya ile ya kinanda kwa karibu robo ya toni, na hata kiasi hicho hakiko sawa kila mahali: Waturuki huiweka juu kuliko Wamisri. Binti huyu alikuwa ameshafundishwa hayo. Kwa nini basi? Video ikachezwa bila sauti, na jibu likaonekana. Kila kabla ya kuugusa ule uzi, macho yake yalikwenda kushoto. Kulikuwa na simu ya pili pale, na programu ya kupimia nyuzi.

Programu hizo kwa kawaida huigawa oktava sehemu 12 zilizo sawa. Chochote kilicho katikati huhesabiwa ni kosa. Binti alikuwa mwaminifu, akakiinua kile kichuma mpaka simu iliporidhika.

Maalim alimtumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, ifunge hiyo programu. Sauti ya tatu iimbe kwanza kwa mdomo, kisha uufuate mdomo wako."

"Maalim, simu inaonyesha nyekundu," akajibu.

"Iache iwe nyekundu."

Hakumwambia zaidi ya hayo, ingawa kiwiko chake nacho kilikuwa na lake. Katika jibu moja hurekebisha jambo moja. Lakini kazi haikuishia kwa binti. Jioni ile alilitoa daftari na kulifungua somo la Rasti lenyewe, akalikuta halikutaja programu ya simu hata mara moja. Alikuwa amelitengeneza kana kwamba wanafunzi hawana kitu kingine mezani. Na mmoja wa Mombasa naye, kumbe, alikuwa na sauti ya tatu iliyonyooka. Wanafunzi wawili wakipotea njia panda moja, anasema, kibao ndicho kibovu. Somo likarekodiwa upya, na sasa linaanza kwa kuimba, kanuni ikiwa imefunikwa kitambaa.

Mimi nisingekuwa na moyo wa kuvunja kitu kilichokwisha kamilika kwa ajili ya watu wawili. Yeye huyarudia masomo ya zamani kila akipata sababu, na sababu anazipata kwenye rekodi za wanafunzi, si kwenye sifa wanazomtumia. Sifa hazisomi sana.

Kuna somo moja lililomshinda kwa muda mrefu: taksimu, ile hali ya mpigaji kujipigia peke yake, bila mwendo maalumu, akitembea ndani ya maqamu anavyoona. Aliombwa mara nyingi. Alirekodi taksimu nzuri ya maqamu ya Bayati na kuieleza kipande kwa kipande, kisha akakataa kuitoa. Aliogopa itahifadhiwa kichwani kama ilivyo. Anawajua wazee walioziiga taksimu za mafundi wa Cairo kutoka kwenye santuri mpaka wakachukua hata pale fundi alipositasita. Ustadi ulikuwa mkubwa, anasema, lakini ile haikuwa taksimu tena.

Mwishowe alirekodi tatu. Zote zinaanza kwa kifungu kimoja kifupi, zikifika sauti ya nne zinaachana: moja inarudi nyumbani upesi, moja inapanda, moja inazungukazunguka pale pale. Maelezo hakuna. Baada ya ya tatu, kile kifungu cha mwanzo kinapigwa tena na video inakatika, na mwanafunzi anatakiwa atume ya nne.

Zimeanza kufika. Ya London imeiga ya pili karibu neno kwa neno, na amejibiwa kwa upole ajaribu tena. Ya kijana wa Mombasa imeingia maqamu ya Hijazi kabla hata haijatulia Bayati, na Maalim hajaamua kama ni kosa. Tayari ameisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, na ameitazama bila sauti, lakini kijana aliiweka simu chini mno, vidole havionekani. Amemwomba aipige upya kama alivyoipiga, asiirekebishe, na simu aiweke juu.