Hela moja ndani ya bakuli

Bakuli ni la plastiki, jeupe, dogo kama kiganja cha mtoto. Limewekwa dirishani, na ndani yake imelala sarafu moja nyeusi isiyosomeka. Ilitoka ardhini wakati wa kuchimba shimo la nguzo ya mizabibu, hapa Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Leo ni siku ya tisa. Mzee anayainua maji ya jana kwenye mwanga, anaitazama rangi yake, anayamwaga, kisha anaweka mengine: maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, anayonunua mjini kwenye kituo cha mafuta. Ya bomba hayatumii. Yana chumvi, na chumvi huila shaba.

Nimewaona watu wengi wakisugua sarafu za kale kwa ndimu na majivu mpaka zing'ae, na kila mara nimeumia. Shaba ikikaa miaka mingi hujivika ngozi ya kahawia, nyembamba sana, na ngozi hiyo ndiyo inayoulinda uso wake. Ukiibandua, ncha za herufi zinaondoka nayo, wala hazirudi. Nilipomuuliza Mzee kama hachoki kungoja, alinijibu bila kugeuka: "Mwanangu, imekaa chini zaidi ya miaka mia. Hizi wiki mbili zitaifanya nini?"

Siku ya kumi na moja maji yalibaki meupe. Akaitoa, akailaza juu ya kitambaa cha pamba, akaigusagusa bila kuifuta. Halafu akachukua njiti ya kiberiti, akaichonga kwa wembe hadi ikawa na ncha. Mti ni laini kuliko shaba, kwa hiyo njiti huvunjika kabla sarafu haijakwaruzika. Akabana jichoni lenzi ya fundi saa, akaanzia ukingoni. Mkono wenyewe hauendi. Vidole viwili tu ndivyo vinavyoizungusha njiti pale pale, hadi punje ya udongo iachie. Anapuliza. Anahamia punje inayofuata. Kwa saa nzima aliivunja njiti mara sita, na kila mara aliichonga upya kwa utulivu ule ule.

Taji likatokea kwanza. Kisha maneno ya Kijerumani, DEUTSCH OSTAFRIKA, na mwaka 1913. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, namba 1 na neno Heller. Hela! Nilijikuta nikilitamka kwa sauti, neno ninalolisema sokoni kila siku, sasa nikiwa nimelishika mkononi. Kabla ya 1904 rupia moja ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64. Tangu mwaka huo ikagawanywa kwa heller 100. Mzee hakushangilia. Alikuwa bado anatafuta herufi moja ndogo chini ya shada, maana za 1913 zilifuliwa katika miji miwili: A ni Berlin, J ni Hamburg. Alikaa na herufi hiyo dakika ishirini. Ilikuwa J.

Wakusanyaji wa sarafu hawafanani, na hapa kwake wanakutana watatu. Rafiki yake, mstaafu wa reli, hataki kingine ila sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita ilipowafungia Wajerumani njia ya bahari, walifua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli: heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, hii ya njano ikitoka kwenye maganda ya risasi za mizinga, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, huko Singida, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Ya dhahabu rafiki huyu hana. Ana heller 20 tisa, na kwa mtu mwingine zote ni moja. Yeye anazipanga kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi mbili za L katika neno HELLER: kuna zenye ncha zilizochongoka, kuna zilizojikunja, na kuna ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Mihuri ilichongwa kwa mkono, ikachakaa, ikachongwa mingine, na kila mchongaji aliacha mkono wake hapo. Nilitazama kwa lenzi yake muda mrefu kabla sijaiona tofauti. Baada ya hapo sikuweza tena kuziona kuwa sawa.

Mjukuu wa Mzee anakusanya wanyama. Samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20 na sungura wa senti 50 za mwaka 1966, pundamilia wa senti 10, na nyati wa shilingi 500, ambaye hupenda kumjaribu kwa sumaku kwa sababu ananata. Sungura hanati.

Mzee mwenyewe hajali uadimu. Ana senti 10 yenye tundu, ya mwaka 1936, yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya mwaka kwisha. Mwingine angeanza na mfalme. Yeye alinionyesha kwanza bahasha, iliyoandikwa jina la kijiji na mti ambao sarafu ilikutwa chini yake.

Hela ya 1913 ililala juani nusu siku, chini ya karatasi, ikauke hadi ndani. Akaipima kwenye mizani ya sonara, karibu gramu 4, akaitia katika bahasha ndogo ya kaki. Plastiki laini hutoa jasho, anasema. Mjukuu akasogea.

"Babu, hii ina mnyama?"

"Haina, mama."

Akarudi kwenye kopo lake la sarafu. Mzee akaichonga penseli kwa wembe ule ule wa njiti, akaandika polepole: mstari wa tatu, nguzo ya saba, kina cha mkono mmoja.