Maji Hayasukumwi

Nimekulia pwani, na kana ya usukani niliishika kabla sijajua kuandika. Hata hivyo, asubuhi moja ya mwisho wa Machi, pale Little Venice magharibi mwa London, nilipokabidhiwa kana ya mashua nyembamba ya mferejini, nilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mashua ilikuwa na urefu wa mita 17 na upana wa mita 2 na kidogo. Wembamba huo uliamuliwa karne ya 18, mhandisi James Brindley alipojenga mifereji ya Uingereza ya kati kwa malango yenye upana wa futi 7 hivi. Malango yakatangulia, vyombo vikafuata.

Mwenye mashua, mama wa makamo anayeishi humo mwaka mzima, alisimama kando yangu. Kwamba ukisukuma kana kulia omo huelekea kushoto, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba chombo kirefu hivi hugeukia kiunoni: omo ikienda kushoto, tezi hufagia kulia, na huko kulia kuna mashua za watu zimefungwa ukingoni, na ndani mtu anamimina chai. Ukizipita, unapunguza mwendo hadi watembea kwa miguu wakuache nyuma. Ukiharakisha, maji unayoyavuta huzichomoa zisipofungwa vizuri.

Mierebi ilikuwa imeanza kutoa majani, mepesi na ya kijani cha manjano, na kukuziwa weusi wenye paji jeupe walikuwa wakijenga viota kwa vijiti na mabaki ya plastiki. Karibu na Regent's Park tulipita chini ya daraja la Macclesfield. Tarehe 2 Oktoba 1874 mashua iliyobeba baruti ililipuka hapo, wakafa mabaharia wake watatu. Daraja lilipojengwa upya, nguzo zake za chuma zilirudishwa, ila ziligeuzwa. Ndiyo maana zina mifereji midogo pande zote mbili, iliyochimbwa na kamba za farasi waliovuta mizigo kabla ya mlipuko na baada yake. Niliomba turudi nyuma kidogo nizitazame tena. Kamba imekula chuma!

Kutoka Camden hadi Limehouse, mfereji unapokutana na Mto Thames, maji hushuka mita 26 kwa ngazi 12. Kila ngazi huitwa loki: chumba cha matofali chenye milango ya mbao mbele na nyuma. Milango ikifungwa, mabawa yake hukutana kwa pembe, ncha ikitazama maji ya juu. Kadiri maji yanavyosukuma ndivyo milango inavyobanana. Uzito wa maji ndio komeo.

Nilipewa hendeli ya chuma nizungushe. Vilango vidogo vya kutolea maji upande wa chini vikainuka, maji yakaanza kutoka kwa kishindo, mashua ikashuka taratibu. Nikaona nimesubiri vya kutosha. Nikaisukuma boriti ya lango kwa mikono miwili, nikakaza misuli, haikutikisika. Mama akaniambia niigeuzie mgongo tu, niegemee, nitulie. Maji ya ndani yalipolingana na ya nje, boriti ikaanza kuondoka mgongoni mwangu, na lango lenye uzito wa tani na zaidi likafuata, bila kelele.

Yeye muda wote huo hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mstari mweupe ukutani, unaoonyesha kizingiti cha mawe kilichofichwa chini ya lango la nyuma. Tezi ikinasa juu ya kizingiti maji yakishuka, omo huzama na chombo kikajaa maji kwa muda mfupi sana. Hivyo alikishikilia mahali pake, injini mbele kidogo, nyuma kidogo, loki baada ya loki. Nimewasifu manahodha wanaopambana na mawimbi ya kusi. Ustadi wa mama huyu, wa kuyasoma maji yaliyofungiwa ndani ya kuta, si mdogo kuliko wao.

Islington tukaingia tuneli ya mita 878, iliyonyooka hata mdomo wake wa pili huonekana kama punje ya mwanga. Unachungulia kwanza, ukiona taa, unasubiri. Mfereji ulipofunguliwa mwaka 1820, farasi alipandishwa kilimani kuvuka mitaa, na wanaume wakalala chali chomboni wakisukuma kuta kwa miguu yao. Mwaka 1826 ikaletwa mashua ya mvuke ya kuvivuta vyombo.

Tulifika Limehouse jioni. Siku nzima tulikuwa tumekwenda kilomita 14 kasoro.

Ukifika London, shuka Camden Town utembee hadi mferejini. Njia ya ukingoni ni ya wote na haina kiingilio. Ukimkuta mtu yuko peke yake na mashua yake kwenye loki, mwombe umsaidie lango. Igeuzie boriti mgongo, na usisukume mpaka maji yalingane.