Sulisuli wa Moshi Baridi: Namna ya Kumpima Fundi

Mombasa haina uhaba wa moshi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina chetezo, na mwanamke wa Kibokoni anayefukiza nguo kwa udi anajua tangu utotoni kwamba kaa likiwa jekundu mno udi huungua badala ya kunukia, ndiyo maana hulifunika kwa jivu. Kinachokosekana kisiwani ni baridi. Kwa hiyo anayetaka kumhukumu mtu afukizaye samaki aitwaye sulisuli nyumbani aanze kwa kutazama namna anavyoupoza moshi wake.

Nyama ya samaki huanza kuiva ikipita nyuzijoto 30 hivi za sentigredi. Moshi baridi, ule unaomwacha sulisuli laini na mwenye kung'aa kama anavyoandaliwa katika hoteli za Malindi na Watamu, hauna budi kubaki chini ya hapo kwa saa nyingi. Fundi mzuri hulenga 25 au pungufu. Kule Uskoti hewa yenyewe humfanyia fundi nusu ya kazi. Hapa kwetu, mchana wa Machi hewa hufika 32 kabla kiberiti hakijawashwa. Kubanika samaki ni kazi nyingine, ina utamu wake na wazee wa pwani wanaiweza, lakini aliyebanikwa asiuzwe kwa jina la moshi baridi.

Kagua mtambo kwanza. Debe au chungu chenye vumbi la mbao linalofuka bila ndimi za moto kiwe mbali na kasha la samaki, na kati yao lipite bomba la bati la mita 2 au 3. Bomba tupu halitoshi pwani. Wengine hulizungushia gunia bichi wakitumaini upepo utalipoza kama unavyopoza maji ya mtungini. Hewa yetu imeshiba unyevu, maji hayakauki upesi, na gunia litapunguza nyuzi chache tu. Alama za juu nampa anayelipitisha bomba ndani ya sanduku la barafu lililopangwa chupa za maji ya chumvi zilizogandishwa. Maji ya chumvi huganda kwa baridi kali kuliko maji matamu, na yakiyeyuka hubaki chupani.

Hapo ndipo huzuka matatizo mawili, na namna mtu anavyoyatatua itakuonyesha kama ni fundi au anabahatisha. Moshi ukigusa bati baridi hutoa jasho: matone ya kahawia yenye lami chungu. Bomba lililolazwa ovyo huyapeleka matone hayo juu ya samaki. Bomba la fundi lina bonde, na penye bonde pana tundu dogo la kuyachuruza nje. Litafute tundu hilo, na usipoliona, uliza. Tena, moshi uliopoa ni mzito, haupandi wenyewe. Mwenye pupa hukoleza moto ili ausukume, na joto lote alilohangaika kulitoa akalirudisha. Dawa yake ni feni ndogo ya kompyuta kuukuu, ipulize polepole kutoka upande wa moto. Kipimajoto nacho kining'inie usawa wa samaki. Kilichobandikwa mlangoni kwa nje ni pambo.

Kuhusu kuni sitakawia. Mwembe unafaa, mpera pia. Vumbi la seremala litiliwe shaka, maana mbao zilizotiwa dawa au gundi hutoa sumu. Moshi uwe mwembamba, wa samawati hafifu; ule mweupe mzito huleta uchungu.

Sasa samaki mwenyewe. Mwombe fundi akukatie kipande chembamba, ukiinue kwenye mwanga wa dirisha. Aliyefukizwa kwa baridi hupitisha nuru, hata kivuli cha kidole chako utakiona ng'ambo. Ikiwa nyama ni nyeupe na inaachana mapande, imeiva. Kazia macho kingo: zikiwa nyeupe na katikati kung'avu, ujue baridi ilikatika kwa muda, pengine barafu iliisha usiku fundi amelala. Rangi iwe ya dhahabu hafifu, iliyoenea sawa. Madoa ya kahawia ni yale matone ya bomba. Uso wa samaki uwe mkavu wenye kung'aa, dalili kwamba baada ya kutiwa chumvi aliachwa mpaka akanata kidogo. Kwa unyevu wetu kazi hiyo yataka feni, au friji usiku kucha. Aliyeingizwa kwenye moshi bado ana majimaji hutoka na masizi yaliyomgandia.

Onja bila ndimu, kwa sababu ndimu huficha kasoro. Chumvi iwe moja toka nje hadi kati, na ladha ya bahari itangulie ile ya moshi. Ulimi ukifa ganzi, ni lami. Midomo ikiwasha, tema: huenda ni histamini, inayojijenga samaki anapokaa kwenye joto kati ya mashua na soko, na hakuna moshi wala moto unaoiondoa.

Na kuna jambo ambalo sitalilegezea kamba. Moshi baridi hauui vijidudu. Muulize fundi kama samaki aligandishwa siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri ili kuua minyoo, na kama tangu atoke kwenye kasha amehifadhiwa chini ya nyuzi 4. Akisitasita, usinunue. Mjamzito asimle kabisa, hata akiwa wa fundi bora.

Unayetaka kujaribu mwenyewe, ngoja kusi. Usiku wa Julai na Agosti hewa hushuka hadi karibu nyuzi 20, na sanduku moja la barafu linaweza kukufikisha asubuhi. Mwezi wa Machi ni bora ubanike.