Pumzi: dunia nzima ndani ya chupa moja ya maji

Asha anaenda msalani, na mkojo wake unasafishwa na kurudi kwenye chupa yake. Anakunywa. Hashtuki, hakunji uso, wala hakuna msimulizi anayetuambia kwamba katika nchi hii maji yamekwisha. Filamu haijafika mbali, na mtazamaji tayari anaijua sheria kuu ya dunia aliyoingizwa.

Filamu hiyo fupi ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Aliitoa mwaka 2009 na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwanzoni mwa 2010. Haifiki hata nusu saa, lakini kwa mtu anayeandaa gemu ya mezani ya uhusika, zile za dadu na kampeni za miezi, sijaona hapa kwetu somo bora la namna ya kujenga ulimwengu. Nalisema hili kwa sababu nimeketi kwenye meza, huko upande wa Kilimani, ambapo mwendesha mchezo alitusomea kurasa kumi na mbili za wafalme na vita vyao kabla ya yeyote kurusha dadu. Pizza ilipoa. Sikumbuki jina la mfalme hata mmoja.

Kahiu naye ana historia ndefu nyuma ya hadithi yake. Kulikuwa na Vita Vikuu vya Tatu, Vita vya Maji, na sasa ni miaka 35 baadaye. Watu wa eneo la Afrika Mashariki wanaishi chini ya paa katika jumuiya iitwayo Maitu, na kutoka nje ni marufuku. Lakini tazama anavyoigawa. Vita vinapata vipande vya magazeti ukutani na maneno machache kwenye skrini. Yaliyobaki yote yamefichwa ndani ya vitu: chupa, vidonge vya kuzuia ndoto, mashine za mazoezi ambazo watu wanazikimbiza ili umeme upatikane. Kila kitu ni jibu la swali moja: kama maji na nishati havitoki nje, vinatoka wapi? Vinatoka mwilini mwa raia.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Sheria ni moja tu, ila kila mtu anailipia. Mwandishi wa kampeni anapobuni uchawi, dini tano na miezi mitatu angani, mara nyingi hakuna hata kimoja kinachomgharimu mhusika wakati anafunga kamba za viatu. Katika Pumzi gharama iko kila mahali, hata kinywani. Wakazi wa Maitu hawazungumzi kwa midomo. Mashine ndizo zinazowatolea sauti. Filamu haitoi sababu. Mimi naisoma hivi: pale ambapo kila tone linahesabiwa, hata pumzi ya kusema ni matumizi, na jina la filamu linanipa nguvu ya kushikilia usomaji huo.

Jina Maitu nalo linafanya kazi ya kurasa nyingi. Kwa Kikuyu ni mama. Mwanzoni tunaona chupa ya mbegu yenye kibandiko kinacholipasua neno vipande viwili, ukweli na wetu. Basi jumuiya inayojiita mama inawafungia wanawe ndani, na inayojiita ukweli wetu inaficha ukweli kuhusu nje. Kejeli yote hiyo imebebwa na neno ambalo bibi yeyote wa Kiambu angelitambua. Linganisha na majina ya kampeni zetu, yaliyojaa herufi za z na k na vistari katikati, ambayo hata aliyeyabuni huyasoma kwa kusitasita.

Njia nyingine za kujenga ulimwengu zipo, na Nairobi imezijaribu. Mfululizo wa Usoni, ulioongozwa na Marc Rigaudis mwaka 2013, uliipindua ramani ya leo: ni mwaka 2062 na Wazungu ndio wanaokimbilia Afrika. Nairobi X, gemu ya kompyuta ya Andrew Kaggia ya mwaka 2015, ililiacha jiji lilivyo na kuwateremshia watu wa sayari nyingine. Zote zinakushika mara moja. Shida ya kupindua ni kwamba ukishacheka au kushtuka mara ya kwanza, mchezaji anauliza, halafu? Kwa wavamizi, jibu la halafu ni risasi. Sheria ya Kahiu haiishiwi, kwa kuwa kesho yake mhusika ataamka na kiu.

Sasa ilete sheria hiyo mezani, na uilete nyumbani. Mkazi wa Nairobi hahitaji vita vya tatu ili aielewe Maitu. Januari 2017 mgao wa maji ulianza rasmi jijini, maana Bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70 na linalobeba sehemu kubwa ya maji yetu, lilikuwa limepungua vibaya. Mwaka mmoja kabla, nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya handaki la karibu kilomita 12 la kuchota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati kuyaleta Ndakaini. Kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alidai litaigeuza Murang'a jangwa, serikali ikakana. Mwandishi wa kampeni angetaka nini zaidi? Handaki chini ya mlima, mito mitatu, na pande mbili zinazoapa kila moja kwamba nyingine inadanganya.

Shuka mpaka magharibi mwa jiji. Kawangware na Lavington zimepakana. Upande mmoja maji yanafika kwa mitungi ya lita 20 juu ya mkokoteni, na bei hupanda bomba linapokauka. Upande wa pili, na kule Kileleshwa na Kilimani, maghorofa yamechimba visima virefu, na kisima kikishindwa, lori la maji linapiga honi getini. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yana floraidi nyingi, na floraidi ikizidi huyatia meno ya watoto madoa. Katika dunia ya kubuni, hilo peke yake linatosha kuwa kitambulisho: mgeni akitabasamu tu, askari wa lango anajua amekulia kwenye kisima cha nani. Sijabuni chochote hapo ila askari.

Si kila kitu cha Pumzi kinahamishika. Baraza linalomnyima Asha kibali cha kutoka ni kivuli tu. Anapokea udongo kwa posta usiojulikana umetoka kwa nani, anaupima, unaonyesha maji na hauna mnururisho, anaotesha mbegu; wakubwa wanasema hapana na kuharibu makumbusho anayoyatunza. Kwa nini? Wananufaika na nini? Dakika ishirini na kitu zinaweza kukwepa swali hilo. Kampeni haiwezi, kwa sababu ikifika usiku wa pili, mchezaji mmoja atajifanya karani, ataingia kwenye ofisi za Baraza na kuomba faili. Lazima faili liwe na kitu ndani.

Na mwisho wa Pumzi ni wa mtu mmoja. Asha anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche na kuumwagilia maji yake ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake. Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alitengeneza pia filamu ya hali halisi kuhusu mwanamazingira Wangari Maathai, For Our Land, na ni vigumu kuutazama mche ule bila kumfikiria mama aliyeitetea bustani ya Uhuru Park mwaka 1989 wakati serikali ilipotaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Ila Maathai hakuwa peke yake. Alikuwa na wanawake wa Green Belt, harakati yake ya kupanda miti. Meza ya wachezaji watano inamhitaji Maathai kuliko Asha.

Mimi ningeanza na kunde. Kila mchezaji apewe bakuli lenye punje kumi, ndiyo chupa yake ya wiki. Kurudia kurusha dadu, punje moja. Kukimbia, punje moja. Kuota, punje mbili, na ndoto iwe ya kweli. Kumpa mwenzako maji, unazisukuma punje mezani mwenyewe, kwa mkono wako, watu wote wakitazama. Historia ya vita isisomwe. Mtu akiuliza jinsi mambo yalivyofika hapa, mwulize kwanza bakuli lake limebaki na ngapi.