Dunia Ikianguka, Kodi ya Nyumba Inabaki

Octavia Butler alitoa riwaya yake, Parable of the Sower, mwaka 1993, akaiweka hadithi kati ya 2024 na 2027. Marekani yake imevunjika: maji ni ghali kuliko petroli, polisi wanadai pesa ndiyo waje, watu wanaishi nyuma ya kuta. Kwa msomaji wa New York hiyo ni hadithi ya kesho. Aliyekimbia Goma ama Bukavu mwanzoni mwa 2025 anaisoma kama habari ya juzi. Kwa hiyo sisi hatuulizi kama mambo hayo yanawezekana. Tunauliza: huyu mwandishi anasema kweli juu ya namna ya kubaki mtu?

Sehemu kubwa, ndiyo. Msichana Lauren Olamina amezaliwa na hali ya ajabu: akiona mtu anaumia, naye anaumia. Mtaa wao unachomwa, anashika barabara ya kaskazini na majirani wawili tu, akivaa kiume. Njiani swali ni lile lile: huyu tumpokee ama tumwache? Butler hadanganyi hapa. Wema wa Lauren una masharti. Usiku kuna zamu ya ulinzi, na mwizi hana nafasi. Pia Lauren anaua, na kila pigo analisikia mwilini mwake. Waliotembea na watoto wa wenzao wanaijua hiyo hesabu.

Kasoro iko mwishoni. Kundi linapata pa kutulia kwa sababu Bankole, daktari mzee, ana shamba lake. Wanawakumbuka wafu wao, wanapanda miti, jumuiya inaanza. Vizuri. Lakini sisi wa Katwe na Nsambya hatuna Bankole. Huku mjini tuna mwenye nyumba na mwisho wa mwezi. Hata Nakivale, kiwanja unapewa kutumia, si kumiliki, na posho nayo imepunguzwa.

Wema wetu unafanyika chini ya paa la mtu mwingine. Mama anayetembeza vitenge juani anampokea mgeni aliyeshuka basi jana, na chumba ni kimoja. Kwenye likelemba, ni haki mgeni apewe zamu ya kwanza, ilhali kesho anaweza kuhama na pesa za wote? Na jirani Mganda, ambaye naye anadaiwa kodi, tunamdai nini, tunamlipa nini? Butler hakufika hapo. Hiyo kazi imebaki kwa waandishi wa huku.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi kisomeni. Mnapenda sana neno kujitegemea. Hesabuni basi: tangu mtaa wake uchomwe, Lauren alijitegemea siku ngapi? Hata moja hamtaipata. Alitegemea majirani, kisha watu wa njiani, mwishoni shamba la mzee. Semina ijayo ianzie hapo.